Mwache aende na rafiki yake

Kama una kijana wa gredi ya 9 hapa Kisumu na muda wa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu unakaribia, jaribu hili: likizo ikifika, mtume akaongee na mtu anayefanya kazi anayoitamani, ila aende na rafiki yake wa karibu. Akienda na wewe atanyamaza, na maswali yote utauliza wewe (twajijua). Wawili wakisimama kwa fundi wa kuchomelea pale Kibuye, mmoja akiona haya mwenzake atauliza: stima ikipotea unafanyaje? Mteja asipolipa je? Ulijifunzia wapi? Na njiani huyo rafiki ndiye atamwambia, "Wewe hesabu hazikutishi, mbona unasema huwezi?" Likitoka kwa mzazi, haliingii.

Wakirudi, kila mmoja aandike chaguo lake kivyake kabla ya kuonyeshana. Mikondo ni 3: wa kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa pamoja; wa pili, sayansi ya jamii; wa tatu, sanaa na michezo. Kuna marafiki wanaojaza mkondo uleule ili wasiachane, na bado huenda wakapangiwa shule tofauti.