Kikundi cha shinikizo au vuguvugu la kijamii: namna ya kupambanua

Anza na swali hili: nani anaweza kutia saini kwamba madai yamekwisha? Akiwepo, hicho ni kikundi cha shinikizo. Asipokuwepo, mara nyingi ni vuguvugu. Idadi ya watu haikusaidii kitu.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilitunga sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya biashara ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi, kupitia jumuiya yao, wakagoma kununua, na India nako karafuu ya Zanzibar ikasusiwa. Dai lao lilijulikana: sheria ile irekebishwe. Mwaka 1938 wakapatana na serikali, mgomo ukaisha.

Vita vya Ng'ombe, Kiembe Samaki, Julai 1951, ni jambo jingine kabisa. Wakulima walikataa ng'ombe wao wachanjwe kwa lazima, lakini chini yake kulikuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Waliokataa walikamatwa, umati ukaenda kuwatoa, polisi wakapiga risasi. Hata chanjo ingefutwa kesho yake, hasira ingebaki. Ilihamia kwenye siasa, na humo ndimo kilimotoka chama cha Hizbu (ZNP). Ikifika hapo si vuguvugu tena: chama cha siasa kinataka kushika serikali chenyewe.

Sasa tuseme wakulima wa mwani wa Paje au Micheweni wanalalamikia mizani ya mnunuzi. Andikeni dai kwa sentensi moja: mwani mkavu upimwe mbele ya mkulima, kwa mizani iliyohakikiwa. Tajeni ofisi yenye uwezo wa kuliamua, andikisheni jumuiya kwa Mrajis, yaani afisa wa serikali anayesajili jumuiya, kisha pelekeni barua na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua "haikufika". Dai likigeuka "maisha magumu", mmejimaliza, kwani hakuna ofisi yenye jibu la hilo. Kingine kinachoua vikundi ni posho: mwenyekiti anazoea semina za mjini, wanachama wanaacha kumuuliza. Wekeni kwenye katiba kwamba wanaokwenda kuzungumza ni watatu, na mmoja wao hubadilishwa kila safari.

Kama mnachotaka ni mwanamke anayelima mwani aheshimike kama mwenye kazi, barua haitoshi. Hapo panahitajika mabaraza, redio, mazungumzo ya ufukweni, na miaka. Msikimbilie kuchagua mwenyekiti: akikamatwa au akinunuliwa, kila kitu kinasimama.