Kuishawishi Serikali iweke vipimo vya vinasaba kwenye upelelezi: mwongozo kwa vikundi vya Nyanda za Juu Kusini

Maandiko mengi ya kuomba vipimo vya vinasaba (DNA) kwa ajili ya polisi hufia mapokezi kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika. Polisi huchukua kielelezo na kukifunga. Anayepima ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na hiyo iko chini ya Wizara ya Afya. Bajeti ya afya ni fungu 52, ya Jeshi la Polisi ni fungu 28. Kwa hiyo andikeni maombi mawili: la polisi lizungumzie ukusanyaji na utunzaji wa sampuli, la afya lizungumzie upimaji. Kila moja lisizidi kurasa mbili, na nakala ipelekwe ofisi ya Mkemia Mkuu ya kanda iliyopo Mbeya. Kabla ya kuandika, ulizeni hapo ni vipimo gani vinafanyika Mbeya na vipi husafirishwa. Kudai kitu ambacho tayari kipo kunawaharibia jina mapema.

Msianze na mashine. Mashine ya vinasaba inakula vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vyenye tarehe ya kuisha muda, vingi vikihitaji friza, na inataka umeme usioyumba, mkataba wa matengenezo na wachunguzi waliosomea. Vikikosekana hivyo, inabaki samani. Wauzaji hupenda kuwasaidia wanaharakati kuandika ombi la mashine. Hilo peke yake liwatie shaka.

Anzeni na bahasha. Kijiti cha pamba kilichopangusiwa mate au damu kinatakiwa kikauke kivulini, kisha kiingie kwenye bahasha ya karatasi, ifungwe kwa utepe na kusainiwa juu ya utepe. Kikitiwa mfuko wa plastiki kingali kibichi, unyevu unabaki ndani, bakteria na ukungu wanaota, na vinasaba vinaharibika. Mahali penye mvua kama Tukuyu hilo halichukui siku nyingi, na safari ya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Vijiti, bahasha, glavu, kabati lenye kufuli na mafunzo kwa wapelelezi na wahudumu wa afya ni gharama ndogo ukilinganisha na maabara. Kwenye ubakaji, sisitizeni saa 72 za kwanza: anayefika kituoni kufuata PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, asizungushwe mpaka ushahidi upotee.

Ombeni pia daftari la makabidhiano. Katika rufaa ya jinai Na. 110 ya 2007, Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kumbukumbu za maandishi za kielelezo tangu kinakamatwa hadi kinafika mahakamani. Majibu ya maabara yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yakakosa uzito kwa sababu haijulikani nani alilala na bahasha Ijumaa hadi Jumatatu.

Takwimu zitafuteni kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi mliyoiomba ina siku 30 za kujibu. Ulizeni idadi tu: sampuli ngapi zilitumwa kutoka mkoani kwa mwaka, majibu yalichukua siku ngapi, mashauri mangapi yameahirishwa yakisubiri ripoti. Mkigusa majina au jalada la upelelezi unaoendelea, mtanyimwa kihalali.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mkienda Dodoma Juni mmechelewa. Takwimu ziwe mkononi kufikia Oktoba. Novemba hadi Januari nendeni kwa maofisa mipango wa wizara, kwa madiwani, na kwa Mkuu wa Wilaya ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Kamati za Bunge huchambua makadirio kabla ya mkutano wa bajeti kuanza Aprili. Huko mbunge wenu awe na karatasi ya ukurasa mmoja yenye swali lililokwisha kuandikwa. Nauli na posho za kikao zilipeni kwa wanachama wenu tu. Bahasha kwa ofisa ni kesi ya TAKUKURU.

Mtaulizwa kuhusu faragha, na ni haki yao kuuliza. Ipo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu Na. 8 ya 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Msiombe kanzidata ya wananchi wote. Ombeni ukomo: nani anachukuliwa sampuli, kwa amri ya nani, na ya aliyeachiwa huru inateketezwa lini. Mkumbuke mfano wa Leicester, Uingereza: mwaka 1986 kipimo kilimwondolea hatia kijana aliyekuwa amekiri mauaji, na muuaji halisi akahukumiwa 1988. Hoja hiyo huwalainisha mawakili kuliko hotuba ya usalama.

Bajeti ikipita, msivunje kikundi. Fedha iliyoidhinishwa si fedha iliyotolewa. Januari inayofuata ulizeni kwa barua kiasi gani kimefika, kisha mwende vituoni mkaangalie kama bahasha za karatasi zipo kabatini.