Kulima Kitani kwa Kikundi Hadi Kupata Uzi

Kitani ni mmea wa maua ya buluu. Msiuchanganye na katani, yaani mkonge. Hupenda hali ya ubaridi, ndiyo maana baada ya Vita Kuu ya Kwanza masetla waliulima kwa wingi nyanda za juu za Kenya, mpaka bei ilipoanguka. Ni zao la kikundi: kung'oa na kuponda kunataka mikono mingi kwa siku chache, na seti moja ya vifaa huwatosha wote.

Tafuteni mbegu za aina ya nyuzi. Zinazouzwa madukani kwa chakula kwa kawaida ni za aina ya mafuta, na mmea wake ni mfupi wenye matawi mengi. Shamba liwe halijapandwa kitani kwa miaka 6 au 7, kwa kuwa ugonjwa wa mnyauko hubaki udongoni. Samadi isizidi, la sivyo mabua hulala. Toka kupanda hadi kung'oa ni siku 100 hivi. Pangeni siku hizo zimalizikie kipindi cha jua. Tawanyeni gramu 12 hadi 15 kwa mita ya mraba, mfukie sentimita 1 hadi 2. Mimea ikibanana hurefuka bila matawi. Palilieni ikiwa na sentimita 10, miguu mitupu, itakayolala itainuka. Kwa shati moja, tengeni angalau mita za mraba 10.

Theluthi ya chini ya bua ikigeuka njano, ng'oeni na mizizi yake. Msikate, mtapoteza urefu wa uzi. Mkingoja mbegu zikauke kabisa, nyuzi zitakuwa ngumu. Fungeni matita madogo, ncha za mizizi zikilingana, yasimamisheni hadi yakauke, kisha chaneni vichwa kutoa mbegu.

Sasa kuloweka, na hapa ndipo kazi nzima hufaulu au huharibika. Anayejua makumbi ya nazi yanavyofukiwa ufuoni Unguja kabla ya kupondwa yawe usumba, yaani nyuzi za kamba, ataelewa haraka: vijidudu hula gundi inayoshikilia nyuzi kwenye kijiti cha ndani. Lazeni matita ndani ya tangi, mweke mawe juu yasielee. Maji ya nyuzijoto 20 hadi 25 huchukua siku 5 hadi 7. Ya baridi huweza kufika wiki mbili. Kuanzia siku ya nne, toeni bua moja kila asubuhi na jioni, likaushwe, livunjwe katikati. Kijiti kikikatika na nyuzi zikachunika nzima toka chini hadi juu, toeni yote saa hiyo hiyo. Zikigandamana, bado. Zikikatika zenyewe mkononi, mmechelewa, wala hakuna dawa. Mtu mmoja apewe jukumu hili, asiachiwe kila mpita njia. Maji hayo yasimwagwe mtoni: huondoa hewa ya oksijeni na kuua samaki.

Mabua yakishakauka kabisa, yapondeni kwa rungu juu ya ubao hadi vijiti vivunjike, mkung'ute, mkwangue kwa ubao butu. Fanyeni nje, mkivaa barakoa. Vumbi lake hudhuru mapafu. Kisha chaneni kwenye mbao zenye misumari: nafasi ya sentimita 2, halafu 1, halafu nusu. Nyuzi fupi zinazobaki kwenye misumari hufaa kwa kamba na magunia. Ndefu zisokoteni kwa vidole vilivyolowa maji. Zikisokotwa kavu, uzi hutoka na manyoya.