Namna ya kukisia nani atateuliwa Oscar ya uigizaji, na kwa nini wazuri wengine huachwa

Kila mwaka majina ya wateule yakitangazwa, lawama ni ile ile: fulani kaonewa. Mara nyingi kweli kaonewa, ila sababu usiitafute kwenye skrini peke yake. Itafute kwenye karatasi ya kura. Ukielewa jinsi kura zinavyohesabiwa, unaweza kuketi Desemba na kalamu yako ukayapata majina mengi kabla hayajatangazwa, na utajua pia ni uigizaji gani mzuri ulio hatarini.

Anza na hesabu

Waigizaji huteuliwa na waigizaji wenzao tu. Tawi lao ndilo kubwa kuliko matawi yote ya Akademi, chombo kinachotoa Oscar, lenye wapiga kura zaidi ya elfu moja. Kwa kila kundi, yaani mwigizaji mkuu au msaidizi, wa kiume au wa kike, mpiga kura huandika hadi majina matano akianza na anayempenda zaidi. Ule mpangilio, nani wa kwanza na nani wa pili, ndio unaoamua kila kitu.

Idadi ya kura zilizopigwa hugawanywa kwa 6, yaani nafasi 5 na moja ya ziada, kisha huongezwa 1. Tuseme zimepigwa kura 1,200. Gawanya kwa 6 upate 200, ongeza 1, kiwango kinakuwa 201. Mwigizaji aliyewekwa wa kwanza kwenye karatasi 201 ameshateuliwa. Nafasi zikiwa hazijajaa, mwenye karatasi chache zaidi huondolewa, na kila karatasi yake huhamia kwa jina linalofuata juu yake. Huendelea hivyo hadi watano watimie. Aliyekipita kiwango kwa asilimia 20 au zaidi, ziada yake haipotei: mwenye kura 300 alihitaji 201 tu, ambazo ni asilimia 67, kwa hiyo asilimia 33 ya thamani ya kila karatasi yake huenda kwa jina la pili.

Sasa chukua waigizaji wawili wa kubuni. Wa kwanza anapendwa na watu 700, lakini karibu wote wamemwandika nafasi ya tatu au ya nne. Waliomweka wa kwanza ni 15. Wa pili hajulikani sana, ila watu 130 wamemweka juu kabisa. Yule wa 700 anaondolewa mapema, kwa sababu karatasi zile hazimfikii hadi majina yaliyo juu yake yaondoke. Yule wa 130 anabaki mbioni mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo njia aliyopita mwigizaji Andrea Riseborough. Filamu yake *To Leslie* ya mwaka 2022 ilikuwa imeingiza takribani dola 27,000 tu kwenye kumbi. Waigizaji maarufu wakaisifia hadharani wiki ya kupiga kura, na Januari 2023 jina lake likatoka miongoni mwa watano. Akademi iliichunguza kampeni ile na uteuzi ukabaki. Danielle Deadwyler wa *Till* na Viola Davis wa *The Woman King* wakaachwa, ingawa walikuwa wametajwa msimu mzima.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila jina ni moja: nani hasa atamwandika huyu wa kwanza? Ukikosa jibu, liwekee jina hilo alama ya hatari hata kama kila mtu analisifia.

Hakikisha filamu inastahili na imeonwa

Filamu lazima izidi dakika 40 na ionyeshwe ukumbini siku saba mfululizo ndani ya mwaka wa kalenda, katika moja ya maeneo sita ya Marekani: Los Angeles, New York, San Francisco na viunga vyake, Chicago, Dallas–Fort Worth au Atlanta. Filamu ya nchi nyingine ikitimiza hilo, waigizaji wake wanastahili kama wengine. Sophia Loren alishinda kwa Kiitaliano kwa filamu ya 1960, na Fernanda Torres aliteuliwa mwaka 2025 kwa Kireno, kama mama yake Fernanda Montenegro alivyoteuliwa mwaka 1999.

Kustahili ni rahisi; kuonwa ndiko kugumu. Mpiga kura ana filamu nyingi kuliko siku alizonazo, hivyo huanza na zile zinazozungumzwa. Ndiyo maana wasambazaji hupeleka filamu kwenye matamasha ya Venice, Telluride na Toronto, halafu huzifungua kati ya Oktoba na Desemba. Filamu ya mapema haijafa, ila lazima ibaki midomoni mwa watu. *Everything Everywhere All at Once* ilitoka Machi 2022 na bado waigizaji wake wanne waliteuliwa. Msambazaji asipokuwa na fedha ya kampeni, au akiwa na filamu tatu na kusukuma moja, mpunguzie nafasi mwigizaji wake.

Angalia kundi aliloombewa

Studio hupendekeza kama mtu ni mwigizaji mkuu au msaidizi, lakini mpiga kura ana uhuru wa kumweka anapotaka. Akifikisha kiwango upande mmoja kwanza, ndiko anakoteuliwa. Kate Winslet alifanyiwa kampeni ya usaidizi kwa *The Reader*, wapiga kura wakampeleka kwenye uigizaji mkuu, na akashinda. LaKeith Stanfield naye alipendekezwa kuwa mkuu katika *Judas and the Black Messiah*. Akajikuta kwenye usaidizi pamoja na Daniel Kaluuya, na filamu ikabaki haina mwigizaji mkuu kwenye orodha.

Kumshusha mtu kwenye usaidizi ni mbinu inayofanya kazi. Viola Davis alipata Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani ya Marekani, mwaka 2010 kama mwigizaji mkuu wa *Fences*. Filamu ya mchezo huo ilipotoka mwaka 2016 aliwekwa kwenye usaidizi na akashinda Oscar. Hasara yake humwangukia msaidizi wa kweli mwenye dakika kumi, anayebanwa na mtu aliye kwenye filamu nzima.

Hata hivyo dakika chache si kizuizi, ilimradi ziwe na onyesho moja linalosimama peke yake. Beatrice Straight alishinda kwa *Network* ya 1976 akiwa ameonekana kama dakika tano. Kiangalie kipande hicho kwa makini. Mume anamwambia amependa mwanamke mwingine. Mke anaanza kwa kuuliza kama vile hajasikia vizuri, anapandisha hasira, anavunjika, kisha anakusanya sauti yake na kudai heshima yake ya ndoa. Hatua nne ndani ya chumba kimoja. Mwigizaji anayetazama anaona kila hatua na anajua ugumu wake, ndiyo maana anaandika jina lile la kwanza.

Pima aina ya uigizaji

Kazi inayoonekana hupata kura: lafudhi, mwili uliobadilika, vipodozi, mtu halisi anayejulikana. Gary Oldman akiwa Churchill, Rami Malek akiwa Freddie Mercury. Mpiga kura ana kitu cha kulinganisha nacho. Uigizaji wa kusikiliza, wa mtu anayemeza maneno yake, huumia hapa, na kwangu hili ndilo pengo kubwa la tuzo hizi. Ethan Hawke alichaguliwa mwigizaji bora na wahakiki wa New York mwaka 2018 kwa *First Reformed*, akiwa kasisi anayezima kila hisia kabla haijafika usoni. Hakuteuliwa.

Filamu za kutisha nazo hutozwa kodi yao. Lupita Nyong'o alishinda Oscar mwaka 2014 kwa *12 Years a Slave*. Katika *Us* ya 2019 aliigiza watu wawili: mama mwenye hofu anayejikaza, na pacha wake mwenye sauti iliyokwaruzwa, kila neno likitoka kwa shida kooni. Mwendo, macho, pumzi, vyote tofauti. Wahakiki wa New York walimpa tuzo, chama cha waigizaji wa Marekani kikamteua kwa tuzo yake, na Oscar ikampita. Demi Moore alivuka mwaka 2025 kwa *The Substance*, lakini alikuwa ameshinda Golden Globe na kutoa hotuba iliyogusa watu wiki hiyo hiyo ya kura.

Sauti pekee au uigizaji wa kunaswa na kompyuta mpe sifuri kwa sasa. Andy Serkis hakuteuliwa kwa Gollum, kiumbe wa *The Lord of the Rings*.

Soma tuzo za kabla bila kudanganyika

Wahakiki hawapigi kura ya Oscar. Wanachofanya ni kuisukuma filamu juu kwenye rundo la kutazamwa. Uzito mkubwa mpe chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kwa kuwa wanaoteua huko ni watu wa kazi ile ile, na baadhi yao ndio wale wale. BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, zipe uzito wa pili.

Kosa linalowanasa wengi ni kudhani filamu yenye nguvu humbeba mwigizaji wake. *Arrival* ilipata uteuzi mara nane, ikiwemo filamu bora, lakini Amy Adams aliyeibeba yote akaachwa. Mwaka huo alikuwa pia kwenye *Nocturnal Animals*, na kura za mtu mmoja zikigawanyika kwenye kazi mbili, hakuna inayofika kwenye kiwango.

Andika majina manane kwa kila kundi. Matatu utakuwa na uhakika nayo mapema, la nne litajitokeza. La tano liache wazi hadi chama cha waigizaji kitoe majina yake, kisha tafuta jina ambalo waigizaji wenyewe wanalitaja bila kuulizwa.