Maji ya ndege bustanini: kigae cha mtungi kinatosha

Kaskazi ikishika, Januari na Februari, malalamiko huwa ni yaleyale: "Bwana shamba, shore wamenitoboa tungule zote." Ukiitazama tungule yenyewe, aghalabu utakuta tundu moja dogo ubavuni, na nyama yote imebaki. Kwa ninavyoona mie, ndege huyo hakuletwa na njaa, ameletwa na kiu. Vidimbwi vimekauka, mfereji unatoka kwa zamu, na chenye maji shambani ni hiyo tungule yako.

Bi mkubwa mmoja wa Dole, hapa Unguja, alinicheka nilipomwambia awawekee maji. "Nishawalisha tungule, sasa niwanyweshe na maji? Mwisho nitawapikia biriani." Nikamjibu, "Bibi, hao wageni washakuja zamani, bora wakute kata mlangoni."

Sikumdanganya kwamba wizi utakoma. Shore anapenda tunda bivu, na papai atalila hata akiwa kando ya kisima. Tungule zilizoanza kuwiva zifunike wavu. Lakini hao hao, pamoja na chozi na ndege wengine wadogo, hushinda wakiokota viwavi na vidudu kwenye mchicha na bamia.

Chombo tafuta kigae cha mtungi, yaani mtungi uliopasuka ubavuni kitako kikabaki kizima. Udongo uliochomwa huvuja jasho, ndiyo maana maji ya mtungi huwa baridi, na uso wake umekwaruza, basi ukucha wa ndege unapata pa kushika. Gonga ncha zake taratibu, kisha sugua mdomo kwa jiwe mpaka usikate mkono. Sinia kuukuu nalo linafaa, ila likae kivulini. Juani, ikifika saa sita, maji yake utaweza kumkandia mgonjwa. Kopo au mfuniko wa chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu usiutumie hata ukiusuuza mara kumi.

Kama huna kigae na umebakiwa na saruji, changanya kopo moja la saruji na makopo matatu ya mchanga. Usichukue mchanga wa pwani, una chumvi. Rundika mchanga mbichi mfano wa sahani iliyofunikwa, tandika jani la mgomba juu yake, kandika saruji unene wa vidole viwili, na ubapaze kitako. Funika kwa gunia bichi na ulirowanishe asubuhi na jioni kwa siku 7. Ukiligeuza hilo bakuli la saruji utakuta mishipa ya jani imejichora ndani, na huo mkwaruzo ndio tunaoutaka. Kisha ulijaze maji na kuyabadilisha kila siku kwa wiki moja kabla ya kuwaachia ndege, maana saruji mpya hutoa makali ya chokaa.

Kina ndipo wengi wanapokosea, na mie nilikosea kabla yao. Mara ya kwanza niliweka beseni, nikalijaza pomoni. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta kinda la jurawa limeelea, mabawa yametanda. Ndege mdogo haogelei, anasimama majini na kujirushia. Pembeni maji yawe kama sentimita 1, katikati yasizidi 5. Tia vikokoto, na jiwe moja bapa litokeze juu ya maji. Nyuki nao watatua hapo kunywa, na bustani yenye tango na boga inawahitaji.

Kiweke juu ya mafiga matatu, mita mbili au tatu kutoka kwenye mti. Karibu zaidi paka atajificha. Mbali zaidi ndege aliyerowa hafiki tawini. Kama mtaa wenu una paka wengi, kitundike kwa kamba za makumbi, lakini si chini ya tawi wanapolala ndege, au kila siku utakuwa unaosha vinyesi.

Kutengeneza ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ya kudumu ni maji. Kwa joto letu, yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja tu, basi mwaga na ubadilishe kila baada ya siku mbili. Kumwaga peke yake hakutoshi: mbu anayeambukiza homa ya dengi hugandisha mayai ukingoni, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yarudi. Sugua ukingo kwa kumbi la nazi, bila sabuni. Ukisafiri, kifudikize. Nawashauri wakulima wakiweke kando ya tuta la mchicha, maji yanayomwagwa yaishie kwenye mboga.

Kunguru ni shida nyingine. Wale walioletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka za mji wana tabia ya kuchovya mikate na matumbo ya samaki majini, na kwa nusu saa maji yananuka. Kigae kidogo kinachoning'inia hawakipendi kama sinia pana, na mabaki ya jikoni yafukie.

Kuku wasinywe hapo kabisa. Kideri na maradhi mengine huweza kupita kwenye maji yanayochangiwa, kwa hiyo wawe na chombo chao bandani. Na kama shamba lako limepakana na mpunga, mfano Cheju au Bumbwisudi, kiondoe chombo pale mpunga unapoanza kutia maziwa, usije ukagombana na jirani.

Wakikawia kuja, usikihamishehamishe; wape wiki moja au mbili. Bibi wa Dole alikuwa nacho kaskazi iliyopita. Nilipompitia nikamuuliza habari za shore. "Wananitoboa bado," akasema, "ila si kama mwanzo, na siku hizi wanaoga kwanza."