Pima pumzi yako kwa dakika 12 bila kujidanganya

Ukimuuliza mtu yuko fiti kiasi gani anakwambia "niko vizuri", sasa vizuri ya wapi? Ndo maana vijana ninaowafundisha naanza nao na testi ya Cooper, ile aliyoitoa Dk. Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani mwaka 1968. Unakimbia dakika 12, unapima umbali, basi. Kama una shida ya moyo au presha muone daktari kwanza.

Hatua ya 1: uwanja. Traki ya kawaida leni ya ndani ni mita 400. Huna traki, tumia uwanja wa mpira, wa mita 105 kwa 68 mzunguko wake ni mita 346, ila vya kwetu vya vumbi kila kimoja na saizi yake kwa hiyo pima kwa tepu. Kona zote nne weka tofali, la sivyo watu wakichoka wanaanza kukata kona, na hakuna anayekiri. GPS ya simu kwenye raundi fupi mi siiamini.

Hatua ya 2: pasha dakika kumi hivi, asubuhi kabla jua halijachachamaa.

Hatua ya 3: kimbia, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanatoka kama wamekurupushwa na mbwa. Ukilenga mita 2400, kila raundi ya traki ni dakika 2 kamili, ukiona ya kwanza umetumia 1:35 jua ya nne utaikamilisha kwa kutembea.

Hatua ya 4: filimbi ikilia mwenzio aweke alama pale ulipofika, mpime na kipande kilichobaki. Usikae chini, tembea.

Hatua ya 5: hesabu. Umbali kwa mita toa 504.9, gawa kwa 44.73. Mita 2400 inakupa kama 42, ndo VO2 max yako ya makadirio, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili wako unaweza kutumia, kwa mililita kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Mwanaume wa miaka 20 hadi 29 akifika 2400 yuko vizuri, akipita 2800 huyo ni moto. Mwanamke wa umri huo ni 2200 na 2700.

Ila usimlinganishe wa Iten, kule Kenya juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na wa Tanga kwenye joto. Jilinganishe na wewe mwenyewe, rudia baada ya wiki 6 mpaka 8, uwanja uleule, saa ileile. Na hii ni pumzi tu, kipa anaweza kuwa wa mwisho hapa na bado akaruka kuwapita wote, nguvu ya miguu ipime kivyake: simama nyuma ya mstari, ruka mbele kwa miguu yote miwili, pima mpaka kisigino cha nyuma, mara tatu, chukua ndefu.