Jinsi ya kuficha jiokashi kwenye jengo la loji yenu

Huu ni mwongozo kwa ndugu wa loji za Marekani, ziwe za Freemason au za Odd Fellows (chama kingine cha udugu), wanaotaka majirani walizoee jengo wanalolipita miaka nenda rudi bila kujua ndani kuna nini. Jiokashi ni mchezo wa kusaka kijisanduku kilichofichwa, ukiongozwa na GPS. Ukikipata, unaandika jina kwenye kidaftari, kisha unakirudisha palepale. Ulianzia Oregon tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alipoficha ndoo karibu na Beavercreek, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia.

Hatua ya 1: Ruhusa. Lileteni wazo hili kikaoni, lipigiwe kura, liandikwe kwenye kumbukumbu. Kiwanja kikiwa cha mtu mwingine, naye aulizwe.

Hatua ya 2: Ramani. Geocaching.com, tovuti inayosajili masanduku haya, haikubali masanduku mawili yapishane kwa chini ya mita 161. Angalieni hilo kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 3: Jiwe la msingi. Utamu wote uko hapa. Majengo mengi ya Freemason yana jiwe lililochongwa mwaka kwa hesabu mbili, kwa mfano A.D. 1926 na A.L. 5926 (A.L. ni Anno Lucis, “mwaka wa nuru”), kwa sababu hesabu yao huongeza miaka 4000. Namba za kwanza za GPS mnazotoa zimfikishe msakaji mbele ya jiwe hilo, si kwenye sanduku. Asome mwaka, achukue tarakimu mbili za mwisho, azipachike kwenye nafasi mbili za mwisho za desimali za dakika za latitudo ya sanduku. Akikosea tarakimu ya mwisho kwa moja, anapotea chini ya mita 2. Akikosea ile ya kabla yake, ni mita 18 na nusu, tayari yuko kwenye ua wa jirani. Kwa hiyo hakikisheni jiwe linasomeka, halijafunikwa na kichaka. Odd Fellows mna pete tatu zilizoungana na herufi F, L na T (urafiki, upendo na ukweli kwa Kiingereza); nazo zinahesabika.

Mtu akishasimama pale, atajiuliza: mbona miaka miwili? Swali hilo ndilo mlilolitafuta.

Hatua ya 4: Sanduku. Tumieni chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye vifungo pande nne na mpira wa kuzuia maji, kiandikwe jina la mchezo kwa nje. Wekeni penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye baridi. Chakula hapana. Bomba lililozibwa ncha zote mbili msithubutu: jirani ataita polisi wa mabomu.

Hatua ya 5: Maelezo. Andikeni historia ya jengo, basi. Mkiandika “karibu ujiunge” au kuomba michango, mhakiki wa Geocaching.com atawarudishia. Mimi naona kanuni hiyo inatufaa. Wengi wetu tumekulia mitaa ambayo ukitaja Freemason watu wanawaza utajiri wa ghafla na kafara. Ukimwalika mtu ajiunge kabla hajakuuliza, unampa ushahidi.

Hatua ya 6: Chai. Mkishazoeleka, andaeni mkutano wa wasakaji ukumbini, usiopungua dakika 30. Ukurasa wake upelekwe Geocaching.com angalau wiki mbili kabla. Milango iwe wazi, na awepo mzee mmoja anayejua habari za zile picha za ukutani.

Kabla ya yote hayo, mchagueni mlezi wa sanduku anayeishi karibu. Kidaftari kikilowa, abadilishe wiki hiyohiyo. Wasakaji huandika malalamiko yao hadharani.